Hamu ya kuwinda si kosa, kosa ni kuwinda bila kalenda

Kila mwaka, mwezi wa nne unapofika, Wamarekani wengi huamka kabla jogoo hajawika, huvaa nguo zenye rangi ya majani na kuingia msituni kumvizia ndege mmoja tu: bata mzinga dume. Mwezi huohuo, kwenye vilima vya Kivu ya Kaskazini, mvua inanyesha, mahindi yanachipuka, na kanga walioishi katika makundi makubwa wakati wa kiangazi wanatengana wawili wawili ili watage. Huku nako kuna mtu aliyekwisha amka. Ana waya, ana mbwa, pengine ana gobore la baruti.

Alfajiri mbili, mioyo ileile inayodunda. Lakini mmoja atarudi nyumbani akiwa na kibali mfukoni na kumpigia simu rafiki yake amsimulie. Mwingine atazunguka kwa njia ya uchochoro, nyama ikiwa imefichwa chini ya gunia la makala.

Tofauti ya watu hawa wawili haiko katika ushujaa, wala katika hamu ya nyama. Iko katika jambo moja ambalo Kivu imelipoteza na Marekani ililipata baada ya kukaribia kupoteza kila kitu: kalenda ya kuwinda, yenye kanuni zinazoheshimiwa. Mji wa Goma, unaoishi mlangoni mwa mbuga ya taifa kongwe kuliko zote barani Afrika, una sababu ya kulizungumza jambo hili bila aibu.

Raha ya kujibiwa

Asiyewahi kuwinda anaweza kudhani kwamba utamu wa uwindaji ni kuua. Uwindaji wa bata mzinga wakati wa majira ya kuchipua unaonyesha kuwa sivyo.

Ndege huyo hulala juu ya mti. Kukianza kupambazuka, dume hutoa mlio mzito wa kugugumia akiwa bado tawini, na msitu mzima husikia. Mwindaji ameketi chini, mgongo umeegemea shina la mti, hatikisiki. Anachukua kisanduku kidogo cha mbao kilichopakwa chaki, anasugua kifuniko chake polepole, na sauti ya jike inatoka. Wengine hutumia kipande chembamba wanachokiweka mdomoni.

Kwa desturi ya bata mzinga, jike ndiye anayemfuata dume. Kwa hiyo mwindaji anamwomba dume avunje mila yake, ashuke na kumfuata yeye. Baadhi hukataa kabisa. Wengine huja hatua kwa hatua, mkia umetandazwa kama feni, kichwa kikibadilika rangi, halafu husimama na kuchungulia. Macho ya ndege huyu ni makali mno, na kidole kikisogea tu anatoweka. Bunduki ya marisau nayo haifiki mbali, hivyo lazima aachwe asogee hadi mita 40 au chini ya hapo. Siku nyingi mwindaji hurudi nyumbani mikono mitupu. Kesho yake anarudi tena.

Anachokifuata ni kule kuita na kuitikiwa. Kwa dakika chache mtu na mnyama wa porini wanasemezana, na mtu ndiye anayepaswa kunyamaza zaidi, kusikiliza zaidi na kuvumilia zaidi. Mvumilivu hula mbivu, lakini katika mchezo huu hata mvumilivu hulala na njaa mara nyingi.

Wakaaji wa Kivu hawahitaji kufundishwa raha hiyo. Aliyekulia vijijini Walikale, Masisi, Lubero au Rutshuru ameona watoto wakifukuza kwale kwa manati, na wazee wakiwafunga mbwa njuga za mbao shingoni ili wasikie walipo ndani ya kichaka. Kwenye misitu ya Ituri, Wambuti hutandaza nyavu za kamba kwa nusu duara, wanawake na watoto wakipiga kelele upande wa pili ili kuwaelekeza wanyama kwenye nyavu. Na katika misitu mingi ya Kongo wapo wawindaji wanaoziba pua na kutoa sauti nyembamba ya paa anayelia. Paa mwingine akisikia, huja mwenyewe kuangalia. Ni ufundi uleule wa mwindaji wa bata mzinga, ila huyu hakununua kisanduku dukani.

Ndege wawili, jina moja

Kuna kichekesho cha historia kinachowaunganisha wawindaji hawa wawili. Bata mzinga ni ndege wa Amerika. Wazungu walipomleta Ulaya katika karne ya 16, walimchanganya na ndege mwingine waliyemjua tayari, aliyetoka Afrika: kanga. Waingereza wakampa jina la nchi ya Uturuki, kwa sababu kanga walikuwa wakifika kwao kupitia wafanyabiashara wa upande huo. Wafaransa wakamwita kuku wa India, na ndiyo maana mpaka leo Mkongomani anayesema Kifaransa humwita dindon. Hata wataalamu wa sayansi walipompa jina la Kilatini, Meleagris, walichukua neno ambalo Wagiriki wa kale walimwitia kanga.

Kwa hiyo Mmarekani anapojivunia ndege wake wa msituni, anatumia bila kujua jina lililozaliwa kwa sababu ya ndege wa Afrika. Na kanga mwenyewe yupo bado kwenye tambarare za Virunga, na yule mwenye kishungi yupo ndani ya misitu. Mambo mawili yanafanana sana: wote wawili hukaa chini mchana na kulala mitini usiku, na wote wawili huwaponyoka wenye haraka. Jambo la tatu halifanani, na hilo linapewa nafasi yake baadaye kwa sababu ndilo lenye uzito.

Mbuga iliyoombwa na mwindaji

Tarehe 21 Aprili 2025, Virunga ilitimiza miaka 100. Wengi Goma wanajua kwamba iliundwa na Wabelgiji mwaka 1925 kwa jina la mfalme wao, Albert. Wachache wanajua kwamba mmoja wa watu waliomsukuma mfalme huyo alikuwa mwindaji.

Carl Akeley, Mmarekani, alipanda mlima Mikeno mwaka 1921 akiwa na bunduki. Alitumwa kutafuta masokwe kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, na aliwapata: masokwe watano walikufa katika safari hiyo, na ngozi zao zimesimama huko New York hadi leo. Lakini Akeley alishuka mlimani akiwa mtu mwingine. Alianza kutaka sehemu hiyo ifungwe kabla hawajaisha. Mwaka 1926 alirudi, akafa kwenye miteremko ya Mikeno, akazikwa Kabara, katikati ya wanyama aliowawinda na kisha kuwatetea.

Hadithi hii husimuliwa kwa uzuri katika vitabu vya uhifadhi. Lakini ina upande wa pili ambao Kivu imeubeba kwa miaka 100. Mzungu alipowinda, aliitwa msafiri, mtaalamu, mpenda asili. Mwaka 1902 afisa wa Kijerumani, Robert von Beringe, aliwaua masokwe wawili kwenye mlima Sabinyo, na sokwe wa milimani akapewa jina lake. Mtwa aliyewinda paa kwenye mlima huohuo kulisha watoto wake aliitwa jangili.

Mbuga zilipochorwa kwenye ramani, wakaaji walihamishwa. Katika Kivu ya Kusini, mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na maelfu ya Batwa wakaondolewa kwenye msitu uliokuwa nyumba yao, shamba lao na duka lao la dawa. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa hao. Uamuzi huo ulichelewa nusu karne.

Haya yanasemwa kwa sababu mtu akitaka kuelewa kwa nini kijana wa Kivu haoni haya kutega waya ndani ya mbuga, aanzie hapo. Kwake sheria ya wanyama haikuja kama makubaliano. Ilikuja na mtu mwenye bunduki aliyemwambia kwamba kitu alichokifanya babu yake kwa heshima ni kosa. Sheria ya namna hiyo watu huikwepa, hawaitii.

Marekani ilivyomkosa ndege wake

Wengine watasema: basi kila mtu aachwe awinde atakavyo. Hapo ndipo kisa cha bata mzinga kinapofundisha.

Marekani ya karne ya 19 ilifanya hivyo hasa. Kila mtu aliwinda, mwaka mzima, dume kwa jike, na nyama ilipakiwa kwenye treni kwenda kuuzwa mijini. Misitu ilikatwa. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, ndege aliyekuwa kila mahali alikuwa ametoweka kabisa katika majimbo mengi, na waliobaki nchi nzima walikadiriwa kuwa karibu 200,000 tu au hata chini ya hapo.

Kilichomrudisha hakikuwa kukatazwa kuwinda milele. Yalikuwa mambo matatu. La kwanza, soko lilifungwa. Mwaka 1900 Bunge la Marekani lilipitisha sheria dhidi ya kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama waliouawa kinyume cha sheria, na majimbo yakaendelea kukataza uuzaji wa nyama ya pori. Mtu angeweza kuwinda ale, si kuwinda auze.

La pili, kalenda. Uwindaji wa majira ya kuchipua uliruhusiwa kwa wiki chache, na kwa kawaida ni kwa madume tu, baada ya majike mengi kuwa yamekwisha pandwa. Dume mmoja huwapanda majike wengi, hivyo akiondoka, mayai bado yapo. Leo katika baadhi ya majimbo ya kusini, ambako idadi imeanza kushuka tena, wakuu wa wanyamapori wamesogeza mbele siku ya kufungua msimu. Wawindaji wamelalamika, lakini wamesubiri.

La tatu, mwindaji alilipa. Tangu mwaka 1937 kuna kodi maalumu kwenye bunduki na risasi, ambayo leo ni asilimia 11 kwa bunduki za kuwindia, na fedha hizo pamoja na ada za vibali hurudi kwenye kazi ya kulinda wanyama. Kwa fedha za namna hiyo, kuanzia miaka ya 1950, wataalamu waliwanasa bata mzinga wa msituni kwa nyavu zinazorushwa kwa mizinga na kuwahamishia misitu mitupu. Kabla ya hapo walikuwa wamejaribu kufuga vifaranga mabandani na kuwaachia porini. Wengi walikufa, kwa maana hawakumjua mbweha wala mvua. Waswahili wana methali: kanga hazai ugenini. Binamu yake wa Amerika aliithibitisha.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 idadi yao ilikaribia milioni 7. Waliomrudisha ndege huyo ni watu walewale waliotaka kumla. Raha ya alfajiri ile iliwapa sababu ya kulipa, kusubiri na kukamatana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa nini Kivu si Kentucky

Familia nyingi za Kivu leo ziko Kentucky, Texas na majimbo mengine ya Marekani, zilikopelekwa kama wakimbizi. Baadhi zinamwona bata mzinga akivuka barabara na kushangaa kwamba hakuna anayemfukuza. Jibu ni kwamba msimu haujafunguliwa. Lakini kusema tu kwamba Goma iige Kentucky ni kujidanganya, na wanaopinga uwindaji wa aina yoyote Kivu wana hoja nzito.

Hoja yao ya kwanza ni bunduki. Marekani ina wawindaji wenye silaha, Kivu ina makundi yenye silaha. Ziwa Edward lilikuwa na karibu viboko 30,000 katika miaka ya 1970. Kufikia mwaka 2005 hawakufika 1,000. Hawakumalizwa na wazee wenye mikuki. Walimalizwa na silaha za vita, nyama ikauzwa na meno yakauzwa. Ziwa lenyewe liliumia, maana kinyesi cha kiboko ni chakula kinachoanzia safari ya samaki, na wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanakijua kilio hicho.

Hoja ya pili ni damu ya walinzi. Tangu Virunga iundwe, walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020, watu 17 waliuawa karibu na Rumangabo, 12 kati yao wakiwa walinzi wa mbuga. Wajane wao wanaishi miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu. Yeyote anayezungumzia raha ya kuwinda Kivu lazima aanze kwa kuinama mbele ya wajane hao.

Hoja ya tatu ni waya. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na methali hiyo haijapata mfano mbaya kuliko kitanzi cha waya msituni. Aliyetega alitaka paa. Aliyenaswa ni mtoto wa sokwe, mkono unaoza taratibu. Sokwe wa milimani waliobaki duniani ni wachache: hesabu iliyotangazwa mwaka 2019 iliwataja 1,063 tu, wakigawanyika kati ya eneo la Virunga na lile la Bwindi nchini Uganda. Waya hauna subira wala masikio, na haujui mwezi. Mwenye kutega waya na kurudi baada ya siku nne haonji hata ile raha ya kuwinda. Anakusanya mizoga.

Kuna na hoja ya afya. Kivu ya Kaskazini na Ituri zilizika watu zaidi ya 2,200 katika Ebola ya 2018 hadi 2020, na watu wa afya hawajaacha kuonya juu ya kushika na kuchuna wanyama wa pori, hasa nyani na popo, na wale waliookotwa wamekufa.

Hoja hizi zote ni za kweli, na kwa sababu hiyo Virunga lazima ibaki imefungwa kwa mwindaji wa aina yoyote, awe mwenye mkuki au mwenye dola. Lakini Kivu ya Kaskazini ni kubwa kuliko Virunga. Nje ya mbuga kuna mashamba, vichaka, na misitu ya vijiji. Huko watu wanawinda leo, waliwinda jana na watawinda kesho. Kujifanya hawapo hakuwalindi kanga.

Sheria ipo, mwezi haupo

Nchi haina upungufu wa sheria. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inaruhusu uwindaji kwa kibali, na inatenga wanyama wanaolindwa kabisa na wale wanaolindwa kwa sehemu. Sheria ya uhifadhi ya mwaka 2014 imeongeza ulinzi. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaziwezesha jamii za vijijini kupewa misitu yao wenyewe kuisimamia, na katika wilaya ya Walikale jamii kadhaa zimeshaitumia. Mwaka 2022 ikaja sheria ya kulinda haki za Wambuti na Batwa.

Kinachokosekana ni mwezi. Muulize mchuuzi yeyote wa nyama ya pori ni mwezi gani haruhusiwi kuuza kanga, naye atacheka. Muulize mnunuzi, atashangaa. Na tangu mwisho wa Januari 2025, Goma ikiwa mikononi mwa AFC/M23 huku serikali ikiwa Kinshasa, swali la nani atatoa kibali na nani ataheshimu kibali hicho limekuwa gumu zaidi. Kusubiri ofisi ilete kalenda ni kusubiri mvua ya mawe.

Hapa ndipo linapokuja lile jambo la tatu linalowatofautisha ndege wale wawili. Bata mzinga dume anajulikana kwa mbali: ni mkubwa, mweusi, ana ndevu kifuani. Mwindaji anaweza kuambiwa apige dume tu. Kanga dume na kanga jike wanafanana karibu kabisa. Sikio la mzoefu hutambua mlio wa jike wenye silabi mbili, lakini jicho nyuma ya manati halitambui. Kwa hiyo kanuni ya Marekani ya madume tu haina maana Kivu. Anayeua kanga wakati wa mvua hajui kama ameua na mayai 10 kichakani.

Kanuni inayobaki ni moja, na ni ya kizee kuliko sheria zote zilizotajwa: mvua ikinyesha, nyavu zinapumzika. Kanga waachwe watage na kulea vifaranga wakati wadudu ni wengi. Kiangazi kikija, makundi yakikusanyika tena, aliye kijijini awinde kwa mbwa, kwa nyavu, kwa upinde, kwa kuita. Ndiyo kusema, awinde kwa namna inayompa mnyama nafasi ya kukataa. Waya ukatwe mwaka mzima. Bunduki ya vita isiguse mnyama kamwe. Na nyama ibaki pale ilipowindwa.

Nani wa kuipitisha kanuni hiyo? Mwami na wazee wa kimila wanasikilizwa hata pale ambapo serikali na waasi hawasikilizwi. Miko ya wanyama si kitu kigeni kwao. Koo nyingi za Kivu bado zina mnyama ambaye mtoto wa ukoo hamli. Kamati za misitu ya vijiji zipo. Wambuti na Batwa, ambao wanasoma msitu kama wengine wasomavyo gazeti, wakae mbele kwenye kikao hicho kama walimu, wasiitwe mwishoni kupigwa picha.

Mkono wa mji

Atakayesema kwamba mwenye njaa haelewi kalenda anasema kweli nusu. Familia iliyokimbia vita, iliyoacha mbuzi na shamba nyuma, haiwezi kuhubiriwa habari za vifaranga. Lakini mwenye njaa akinasa ndezi, hula jioni ileile. Hatafuti gari la kupeleka nyama Goma. Anayeifanya nyama ya pori kuwa biashara, yenye waya 100 na wapagazi na vizuizi vya kulipia barabarani, ni mnunuzi wa mjini anayetaka kuonja kitu tofauti na samaki wa Ziwa Kivu siku ya sherehe.

Hapo Goma ina nguvu ambayo haihitaji kibali cha mtu. Marekani ilimwokoa ndege wake kwanza kwa kufunga soko, kabla ya kodi na kabla ya nyavu za mizinga. Mama wa nyumbani anayekataa kanga mwezi wa nne na mwezi wa kumi na moja, mwenye mgahawa anayeondoa nyama ya pori kwenye chakula cha mchana, dereva anayekataa kuficha fungu chini ya magunia: hao watatu wakiungana wanafanya kazi ambayo walinzi 200 walikufa wakiifanya. Anayempenda kanga kwenye sahani anaweza kumfuga. Anafugika, anakula wadudu na nafaka, na hupiga kelele mgeni akikaribia kuliko mbwa.

Mwaka 2020 tembo zaidi ya 500 walivuka kutoka Queen Elizabeth, Uganda, wakaingia Virunga kwa miguu yao, kwa kuwa sehemu hiyo ilikuwa imepata utulivu kidogo. Hakuna aliyewapigia filimbi. Wanyama hurudi wakiachiwa mahali na muda.

Mtoto wa Kivu anastahili kurithi ile alfajiri: baridi, giza, babu anayemwekea kidole mdomoni anyamaze, na mlio wa kanga ukianzia mtini kabla jua halijatoka. Haimlazimu kuua siku hiyo. Pengine babu atamwambia warudi nyumbani, kwa sababu mvua imeanza na mwezi bado haujafika. Mtoto atakasirika, kama kila mwindaji anavyokasirika. Kiangazi kikifika, atakuwa wa kwanza kuamka.